Wewe Ukingoni, Mimi Ndani

Umenitumia picha, Nyemo,
za mto unaokatiza mji wenye kanisa la minara miwili,
benchi kila hatua hamsini,
na kibao: kilomita mbili, njia nyepesi.
Unasema huko hata wazee wa miaka themanini wanatembea
na fimbo mbilimbili, kama wanaopiga makasia nchi kavu.
Nimecheka mpaka Mbeleje akatoka jikoni.

Basi nami nikueleze njia yangu,
kwani daktari wa hapa Mpwapwa naye kaandika
kwa mwandiko wake wa kuku aliyeparura:
sukari, atembee, nusu saa, kila siku.
Hakuandika wapi.

Natoka saa kumi na mbili na nusu.
Raba ni za marehemu baba yako, zimenizidi,
nazijaza kwa soksi mbili.
Napita nyuma ya mashine ya kusaga,
nashuka pale ng'ombe walipoumega ukingo,
na hapo siendi kando ya mto:
naingia.

Mto wetu, unakumbuka, ni mchanga.
Upana wa barabara tatu, mweupe alfajiri,
ikifika saa nne haukanyagiki.
Hauna kibao. Una nyayo:
za mbuzi, za kanga, matairi ya tela la punda,
kisigino cha mtu aliyerudi usiku akiyumba.
Nazisoma kama nilivyosoma bahasha pale dirishani posta,
nani katoka kwa nani,
nani kamkimbia nani.

Hatua mia nne mpaka visima vya akina Mendelina.
Wamechimba, wamezama mpaka mabegani.
Kata inashuka, inakwaruza, unasubiri,
maji yanajikusanya taratibu
kama mtu anayetafuta jina kichwani.
Hili ndilo benchi langu: mdomo wa shimo la mwenzangu.
Wananiuliza, sukari imeshuka?
Nasema imeshuka, haijafika chini.

Halafu kona ya mikuyu, halafu wachimba mchanga
na lori lao lisilo na milango.
Wanauhamisha mto, koleo kwa koleo,
ukawe nyumba za watu Dodoma.
Kijana mmoja, Chilongani, hunipisha
kana kwamba napita sebuleni kwao.
Nageuzia nguzoni, pale daraja la zamani,
penye alama ya maji ya mwaka ule
iliyonipita kichwa kwa mkono mzima.
Wanasema misafara ya pembe ilipumzika hapa,
wapagazi wakafukua mchanga huuhuu.
Mji wenu una minara. Wetu una mashimo,
kila masika yanafukiwa,
kila kiangazi yanachimbwa palepale.

Jumanne mlima wa Kiboriani ulikuwa mweusi usiku kucha.
Huku chini, hata tone.
Asubuhi nimefika nguzoni, Chilongani akapiga mluzi,
akatupa koleo, akanishika kiwiko, mara ya kwanza.
Hatukukimbia, goti langu halikimbii.
Tulipanda.

Ukaja, Nyemo.
Kwanza harufu.
Kisha sauti, kama magunia ya karanga yanayoburutwa sakafuni.
Kisha ulimi wa povu na vijiti, unanusa huku, unanusa kule,
unajaza nyayo mojamoja, na zangu zimo.
Ndoo ya Mendelina ikapita inacheza.
Watoto wa shule wakasahau kengele.

Nikakupigia usikie.
Ulikuwa kazini. Ukasema, shangazi, mtandao mbovu,
sikusikii, kuna kelele.
Nikasema, ndiyo hiyo.

Raba ya kushoto ilinivuka pale tulipopanda.
Siulizi imefika wapi,
mto wenyewe miaka mingine haufiki popote.
Daktari kakataza pekupeku,
na mnadani zipo za elfu nane.
Nangoja Jumamosi, nangoja na mchanga ukauke.
Ya kulia nimeiacha mlangoni.
Mbeleje kaulizia kuitupa, mara mbili.